Teleka wa Mwisho, kwa Penseli

Pale ukuta wa kanisa la Saltham unapokata kona kuelekea kinamasi, pana benchi la mbao lililoyapa mgongo makaburi na kuutazama ukumbi wa zamani wa kijiji. Mwisho wa Agosti ukifika, upepo wa mashariki ukaleta manyunyu na kuwaangusha ndege wa safari katika kila kichaka cha pwani ya Norfolk, benchi hilo halikosi watu wanne, darubini nne na chupa moja ya kahawa. Cyril Bunn huitwa Kamati, kwa sababu alikaa miaka tisa katika kamati ya kaunti inayoamua nani kaona ndege na nani kaota. Yeye aliiacha kamati, kamati haikumwacha. Hazel Gotts ni Redio: ndege hatui popote bila simu yake kulia, na chupa ya kahawa ni yake. Desmond Larter ni Labda. Inasemekana hata siku ya harusi yake kasisi ilimbidi arudie swali. Wa nne ni Basil Thirtle, ambaye zamani aliitwa Nusu. Yeye alikuwa akimtaja ndege nusu, na Enid mkewe akimalizia: Basil akisema kitwitwi, Enid husema ni kitwitwi yupi. Enid alifariki mwezi wa Machi. Tangu hapo hakuna aliyemwita Nusu tena. Wanamwita Basil, kwa sauti ya watu wanaopita nje ya chumba cha mgonjwa.

Asubuhi ya tarehe nne Septemba alifika wa mwisho, daftari la Enid likiwa ndani ya koti lake.

— Karibu, Basil, kaa hapa pakavu, alisema Redio, akimimina. Umesikia? Yule mzungusha-shingo bado yuko kwenye ukuta wa bahari. Watu arobaini wazima wamelala kifudifudi kwenye majani, wanamtazama ndege mmoja wa kahawia anayejipinda kama nyoka.

— Labda ni gome la mti, alisema Labda.

— Gome halili sisimizi. Nimemwona akila.

Basil alishika kikombe kwa mikono miwili mpaka joto likamfikia vidoleni.

— Nimemwona teleka, alisema.

Wote watatu waligeuka. Teleka ni yule mweusi mwenye mabawa kama mundu, anayekula angani na kulala angani. Huja Saltham mwezi wa Mei, na kwa kawaida kabla ya katikati ya Agosti ameshashika njia ya Kongo. Teleka wa Septemba ni kama mtu aliyebaki ukumbini baada ya viti kukunjwa.

— Lini? aliuliza Kamati.

— Leo, saa kumi na mbili na dakika ishirini. Juu ya ukumbi pale.

Kamati alitazama ndani ya kikombe chake.

— Vizuri sana, Basil. Andika.

— Andika tu, alisema Redio. Mimi nitatia saini ya shahidi wa pili.

— Hakika kabisa, alisema Labda.

Kumsikia Labda akisema hakika ndiko kulikomshinda Basil.

Daftari lile lilikuwa na miaka thelathini na moja, na kila mwaka una mistari miwili: teleka wa kwanza, teleka wa mwisho. Kanuni za benchi zilikuwa mbili, zote za Enid. Ya kwanza, hakuna tarehe bila mashahidi wawili. Ya pili, wa kwanza anaandikwa kwa wino siku ile ile, lakini wa mwisho anaandikwa kwa penseli, akitokea mwingine anafutwa, na wino hautiwi mpaka Oktoba mosi. Mwezi wa Mei, wiki saba baada ya mazishi, Basil alileta tarehe ya wa kwanza. Wenzake walitia saini wote watatu bila swali hata moja. Kamati, ambaye angemtaka mama yake mzazi alete maelezo ya maandishi, alitia saini huku akimpa pole. Basil alirudi nyumbani siku ile akajiona kama aliyepewa sadaka.

— Nani mwingine alimwona? aliuliza sasa.

— Hakuna haja, Basil, alisema Redio.

— Haja ipo. Cyril, wewe ulimkatalia kasisi bata, naye alikuwa amemshika mkononi.

— Alimshika vibaya, alisema Kamati.

— Basi nami nikatalie. Niulize.

Kamati aliweka kikombe chini taratibu, akavuta miwani yake hadi ncha ya pua, mahali ilipokaa miaka tisa.

— Mwanga ulikuwaje?

— Hafifu.

— Miwani yako?

— Ilikuwa na manyunyu.

— Ulimwona kwa muda gani?

— Sekunde mbili. Labda tatu.

— Usiniibie jina, alisema Labda.

— Sekunde mbili, alisema Kamati, miwani ina maji, mtu mwenyewe hajanywa hata chai. Mzee, unatufunga kamba.

— Cyril, alisema Redio.

— Si kaomba mwenyewe? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ndege yuko juu ya paa, huko kuinama ni kwa nini? aliuliza Redio.

Neno kamba Basil hakuwa amelisikia likielekezwa kwake tangu Machi, na mabega yake yalishuka kidogo, kama ya mtu aliyetua mzigo ili abadilishe mkono.

— Labda ni mbayuwayu, alisema Labda. Mbayuwayu wako wengi bado, wanapanga foleni kwenye nyaya.

— Mbayuwayu namjua, Desmond.

— Kwezi, alisema Kamati. Kwezi wa alfajiri, ana njaa, anakata kona kwa ghadhabu. Kwenye kamati nimewafuta teleka wa Septemba kumi na wanane. Wote kwezi.

— Wote kumi na wanane? aliuliza Redio. Hata mmoja hakuwa teleka wa watu?

— Hatukukaa pale kufurahisha watu, bibie.

— Basi mie nasema huyu si wetu kabisa. Ni teleka wa kusini, mwenye rangi ya vumbi, wa kule Hispania. Nikituma ujumbe sasa hivi, ikifika saa sita hapa pana watu mia tatu na viti vya kukunja, na kasisi anauza keki.

— Upepo wa mashariki, Hispania iko kusini, alisema Kamati.

— Kazunguka. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

— Labda ni ile kamera ya kuruka, alisema Labda. Ya yule dalali wa nyumba anayepiga picha mapaa.

— Kamera haipigi mabawa, alisema Basil.

— Labda ilikuwa imechoka.

— Nyamazeni niwaambie, alisema Redio, akigawa biskuti za tangawizi. Huyu kakwama mpakani. Wenzake wamepita, yeye karatasi hazijatimia. Si siku hizi hata ukienda kula jibini Ufaransa wanakuhesabia siku?

— Wapi. Huyu kastaafu, alisema Kamati. Kafanya kama watu wa London. Wanakuja Norfolk wiki mbili, wanaona bahari, wanauza nyumba yao, hawatoki tena. Subirini, wiki ijayo ataandika barua gazetini kulalamikia kengele za kanisa.

Basil alicheka. Kicheko kilitoka kifupi, kama kikohozi, lakini wote walikisikia, na kila mmoja akajishughulisha na biskuti yake.

— Wenzake saa hizi wako Kongo, alisema Labda. Labda huko nako pana benchi. Labda kuna mtu anaandika: wa kwanza.

— Na jirani yake anamwambia acha kamba, alisema Basil.

— Ndiyo hivyo, alisema Redio, sasa amechangamka kabisa. Mambo ni mepesi. Benchi halijamwona, basi hayupo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kisha akasikia alichosema. Nyuma yao, ng'ambo ya ukuta, safu ya tatu, kaburi la Enid lilikuwa bado halijawekwa jiwe. Redio alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena.

— Basil, mimi sikukusudia...

— Methali imekosea, alisema Basil. Lake lipo. Hili hapa.

Akalitoa daftari kwenye koti akaliweka magotini. Wenzake hawakuwa wameliona tangu Mei. Jalada lake la kijani lilikuwa limelainika kingo, na penseli ilifungwa kwa uzi kwenye mgongo wake, fupi kama kidole gumba, kwa kuwa Enid hakutupa penseli yoyote iliyoweza kushikika.

Kamati alivua miwani akaifuta, ingawa haikuhitaji kufutwa.

— Nikuulize moja la mwisho. Hili si la kamati.

— Uliza.

— Haiwezekani kwamba unamwona teleka kwa sababu mwaka huu hutaki kuufunga mstari?

Redio alimtazama Kamati kwa macho makali. Labda alifumba yake.

— Inawezekana, alisema Basil. Nimelifikiria hilo tangu saa kumi na mbili na nusu. Ndiyo maana nilitaka mniulize. Mkinikubalia kwa huruma, nitajuaje?

Manyunyu yalikuwa yamekatika, na kwenye nyaya mbayuwayu walikuwa wakijikung'uta.

Mlango wa jukwaa la mafundi waliokuwa wakitengeneza paa la ukumbi ulifunguliwa, akatoka fundi wa paa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, Vytas kwa jina, Mlithuania, ambaye kwa wiki mbili walikuwa wakimsalimu kwa mkono tu kutoka ng'ambo ya barabara. Alivuka, akasimama mbele ya benchi na kofia yake mkononi.

— Samahani. Nyinyi ndio watu wa ndege?

— Inategemea, alisema Kamati. Kuna malalamiko?

— Hapana. Kuna ndege kule juu, chini ya vigae vya mwisho. Mweusi. Anaingia kama jiwe lililotupwa, anatoka kama jiwe. Leo alfajiri amenipita sikioni. Ndani ana kinda mmoja, mkubwa, anapiga kelele. Siku tatu nimekiruka kipande hicho, nikafanya kwingine. Sasa kwingine kumekwisha.

Alionyesha paa kwa kofia.

— Swali langu ni dogo, alisema Vytas. Ataondoka lini? Mniambie siku, niende, nirudi siku hiyo kuziba.

Redio aliishika simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Kamati alifumbua kinywa. Miaka tisa ya kamati ilifika mpaka kwenye meno na kurudi. Wakamtazama Labda, kwa mazoea, naye akatikisa kichwa. Hata labda hakuwa nayo.

Basil alifungua daftari, kwa kuwa kama jibu lilikuwa popote lingekuwa humo. Alipitisha kidole ukurasa hata ukurasa. Tarehe tisa Agosti, ishirini na mbili Agosti, tarehe mbili, kumi na nne, tisa tena. Miaka thelathini na moja, na chini ya kila tarehe ya wino karatasi ilikuwa nyembamba na yenye manyoya, mahali tarehe nyingine zilipofutwa. Mwaka mmoja Enid alifuta mara nne. Basil alikuwa akiishi na mwanamke ambaye daima alimalizia nusu yake, na siku zote alidhani Enid anajua. Kidole chake kilikaa kwenye karatasi iliyokwaruzwa.

— Hatujui, alimwambia fundi.

— Hamjui?

— Hata aliyejua kuliko sisi hakujua. Wa mwisho humjui siku ile unayomwona. Unamjua baadaye, asipokuja.

Vytas alilifikiria hilo.

— Basi niache wazi?

— Acha wazi. Nitamwambia kasisi, msimamizi wa ukumbi, mimi mwenyewe.

— Mzee wangu, alisema Kamati kwa fundi, akirudisha miwani puani, kabla hujaenda. Mabawa yalikuwaje?

Vytas aliunyosha mkono wake mmoja hewani na kuupinda, kiwiko hadi ncha ya kidole, kama mtu anayenoa mundu.

— Koo?

— Jeupe kidogo. Chafu kidogo.

— Saa?

— Nilikuwa nafungua mlango wa jukwaa. Kumi na mbili na robo, na kitu.

Kamati aliwageukia wenzake.

— Imepita, alisema. Kwezi haingii chini ya vigae kwa namna hiyo.

— Kumi na wanane, alisema Redio. Masikini ya Mungu.

— Usinianze, bibie.

Basil alishika kile kipande cha penseli. Aliandika: 4 Septemba, saa 12.20 asubuhi, mmoja, ukumbi. Akatia herufi za kwanza za majina yake, kisha akampa Vytas daftari, na fundi akaandika jina lake lote polepole mahali ambapo kwa miaka thelathini na moja palikuwa na herufi mbili za Enid. Basil alipolipokea alikadiria kwa jicho nafasi iliyobaki chini. Ilitosha kufuta na kuandika tena.

— Mpe fundi kahawa, alisema Kamati.

Redio aliinamisha chupa. Ilikoroma kidogo, ikatoa matone, ikanyamaza. Aliinua kikombe kwenye mwanga.

— Imekwisha. Imebaki nusu kikombe.

— Mpe Nusu, basi, alisema Labda.

Kamati na Redio walimkazia Labda macho, na masikio yake yakawa mekundu. Basil alinyosha mkono, akapokea kikombe, akanywa kidogo, akampa fundi kilichobaki.

— Huyu aliyenirudishia jina langu ni hodari wa kutoa vikombe vya watu, alisema. Kesho uje na chupa yako, Labda.

Juu ya ukumbi kitu cheusi kilipita. Wote watano waliinua vichwa, na wote watano walichelewa.