Kiti cha Mstari wa Tatu

Mmenizungushia viti kitandani mkidai wosia, kana kwamba kuna kitu nimewaficha, na huyu mjukuu kanisogezea simu mdomoni kama ananipima homa. Haya, sikilizeni, anayetafuna aache kutafuna, na wewe kifungua mimba wangu uliye uani, dirisha liko wazi, usijifanye husikii.

Nyumba ni yenu nyote watatu, gawaneni vyumba bila kutukanana, na wapangaji msiwafukuze. Kinachowagombanisha nakijua: ni kiti changu cha uwanjani, kile nilichopewa na timu ya mji huu kwa kuwafulia jezi tangu baba yenu yu hai.

Mji huu kila mtu katoka kwingine. Timu yetu inazomewa nyumbani kwake yenyewe, maana seremala anashangilia ya kwao, muuza mkaa ya kwao, na sisi wa njano tukikusanyika hatujazi hata mstari mmoja. Siwalaumu, mtu hatupi kwao. Lakini wewe wa uani umezaliwa chumba hikihiki. Kwenu kwingine ni wapi?

Nilipolazwa nikakupa kadi ya kiti, ukanikalie siku ile ya mechi ya kuamua kama tunashuka daraja. Ukampa bosi wako. Nikamwona kwenye televisheni ya wodini, kakaa kitini kwangu na jezi nyekundu ya wageni anapuliza tarumbeta, na wewe ubavuni kwake umevaa nyekundu hiyohiyo, umekenua. Muuguzi akaniuliza, "Bibi, yule si mwanao?" Nikamjibu, "Wamefanana tu." Timu ikashuka, nawe ukaja kuniambia, "Mama, ni mpira tu, bosi angeninunia." Mpira tu, na ndio uliokuvisha viatu vya shule.

Kiti nampa fundi cherehani wa chumba cha nyuma. Alikuja hapa mtu mzima na begi moja, akauliza timu ya hapa ni ipi, akajishonea fulana ya njano. Nilipomuuliza sababu akasema, "Bibi, Jumamosi nataka uwanja ninaoweza kwenda kwa miguu." Basi. Asisumbuliwe.

Niinulieni mto kidogo. Pumzi inakatika.

Mungu awape afya, awape na majirani wasio na tarumbeta. Mkinizika, msicheleweshe watu wa mechi.

Na huyo wa uani msimhurumie. Kocha aliuliza nani atafua nikiwa kitandani, nikamtaja yeye. Juzi bosi wake kapita getini, akamkuta kachutama kwenye karai, povu hadi viwikoni, kamba nzima imejaa njano. Akacheka, akamuuliza, "Unamfulia nani wewe?" Nikategea sikio hapahapa kitandani, nikangoja, nikadhani atasema anamsaidia mama mgonjwa.

Akasema, "Timu yetu, bosi."

Hilo tu ndilo nililokuwa namdai... Soksi azigeuze kwanza. Zina mchanga.