Mguu wa Kasmir na Mashine ya Mama Rozina

Hapa mtaani Izia, mkabala na mashine ya kukoboa ya mama Rozina, kuna benchi la ubao lililokaa juu ya matofali. Mimi ndiye mwenye birika. Jina langu wengi walishalisahau, wananiita Birika tu. Asubuhi za mwezi wa sita, Sumbawanga upepo unapenya koti mpaka kwenye mbavu, kwa hiyo wengine hawaji kunywa kahawa, wanakuja kushika kikombe cha moto. Wa kudumu ni watatu. Meshack tunamwita Injinia kwa sababu anatengeneza redio, na hakuna jambo duniani asilolitolea ushauri. Mboje ni Msukuma mfugaji, tunamwita Maksai, maana kwake kila tatizo linataka ng'ombe wa kulikokota. Na Kasmir, tuliyemwita Winchi tangu enzi zile alipokuwa akibeba gunia kama mtu anavyobeba mto. Ni msimamizi wa makuli pale kwa mama Rozina. Siku hizi anachechemea.

Mvua za mwaka huu zilipasua ukuta wa jengo la mashine. Ufa ulianzia kwenye msingi ukapanda mpaka kwenye bati. Mama Rozina akajenga banda jipya upande wa pili wa uwanja, kwenye mteremko kidogo, na mashine ikawa lazima ihamie huko kabla ukuta haujalala. Watu wa Mwazye walikuwa wameshaanza kuleta mahindi, na wafanyabiashara wa Kipili walipiga simu kila siku kuuliza sembe.

Shida ni kwamba mashine ile tulikuwa tunaijua. Mwaka jana, siku ilipoletwa, makuli waliiviringisha juu ya mabomba ya chuma. Bomba moja likateleza, mashine ikamshukia Kasmir mguuni. Vidole vyake havikurudi kutoka hospitali.

Asubuhi hiyo Kasmir alikaa, akanyoosha ule mguu, akapokea kikombe.

— Kwenye bomba siweki tena mashine, akasema. Wala mtu wangu haweki.

— Sasa utaibebaje, kaka? Injinia akauliza. Kichwani?

— Naitafutia magurudumu.

Mboje akacheka mpaka kahawa ikammwagikia.

— Magurudumu ya nini, Winchi? Mimi nina maksai wanne pale nyumbani. Nafunga mnyororo, napiga mluzi, mashine imefika. Mmeumbiwa ng'ombe halafu mnahangaika na vyuma!

— Na kwenye mteremko nani ataizuia isiwapande ng'ombe wako mgongoni?

Mboje akajifuta kahawa kwenye koti.

— Watakimbia, akasema.

— Acheni ng'ombe, Injinia akadakia. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake nini? Tuyamwage! Tunamwaga maji ya sabuni sakafuni, mashine inateleza yenyewe mpaka bandani.

— Na sisi tunateleza mpaka wapi? nikamuuliza.

— Birika, wewe mimina kahawa. Au basi, nina wazo lingine. Kwa nini tuhamishe mashine? Mashine iache pale pale. Tubomoe lile banda jipya, tulijenge upya kuizunguka mashine. Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Hapo uvungu uko wapi, Injinia?

— Uvungu ni mfano tu, mshikaji.

Tulicheka. Kasmir hakucheka. Alimaliza kahawa yake, akarudisha kikombe, akavuka barabara kwa mwendo wake ule wa kuvuta mguu.

Fundi wake alikuwa Victor, mchomeleaji wa mageti. Walitengeneza fremu ya chuma, wakaiinua mashine kwa jeki, upande huu kidogo, upande ule kidogo, huku wakisukumia vipande vya mbao chini yake. Kisha wakaifunga fremu kwa nati. Magurudumu waliyapata sokoni: madogo, membamba, ya plastiki, yaliyong'olewa kwenye toroli fulani. Tulihamisha benchi letu karibu na geti ili tuone vizuri. Mama Rozina naye alitoka, kanga begani, mikono kifuani.

Makuli wakasukuma. Mashine ikasogea! Injinia akapiga makofi. Ilipofika mlangoni, gurudumu moja la mbele likatumbukia kwenye ufa wa sakafu. Tukasikia chuma kinalia. Shingo ya gurudumu, kile chuma kinacholishikilia chini ya fremu, ikapinda, na mashine nzima ikainama upande mmoja, taratibu, kama ng'ombe anayetaka kulala.

— Achieni! Kasmir akapiga kelele. Wote rudini nyuma! Acheni ianguke, rudini!

Kuli mmoja alikuwa ameshaweka bega aizuie. Kasmir alimkamata ukosi wa shati akamvuta, wote wawili wakaanguka chali kwenye pumba. Mashine ikaegemea fremu ya mlango, ikatulia. Hakuna aliyeumia. Lakini Kasmir alibaki ameketi kwenye pumba, ameushika ule mguu kwa mikono miwili.

Mama Rozina akasogea.

— Basi, Kasmir. Umejaribu, nimeona. Leteni mabomba tumalize.

— Hapana, mama.

— Ukuta ule hautusubiri. Na watu wa Kipili wakipata sembe kwingine hawarudi.

— Najua.

— Unajua halafu?

Kasmir aliinuka kwa kushika fremu. Akasimama kati ya mama Rozina na ile mashine.

— Mama, mimi nakuheshimu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze sasa hivi mbele ya hawa. Lakini nikiwa hapa, bomba haliingii chini ya mashine hii. Yule niliyemvuta ana mke amejifungua juzi. Ningeenda kumwambia nini?

Mama Rozina alimtazama. Kisha akautazama mguu wake, akageuza uso haraka, kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake.

— Unataka nini?

— Siku ya kesho tu. Tulikosea magurudumu, hatukukosea njia.

Siku ile kijiwe kilikuwa na joto.

— Mimi nimeshagundua, Injinia alisema. Ile mashine haitaki kuhama. Ina mkono wa mtu. Kwa nini mwaka jana imle mguu Winchi, na leo itake kumrudia? Ukistaajabu ya Musa!

— Utaona ya ng'ombe, Mboje akamalizia. Leteni maksai wangu.

— Mkono wa mtu ndio uliochimba ufa sakafuni? Victor akauliza. Alikuwa amekuja na ile shingo iliyopinda, akaiweka juu ya benchi katikati yetu, akaendelea: Tazameni hiki. Kijiti kama cha kalamu. Gurudumu jembamba linazama kwenye kila ufa. Hili ni la kubebea mizigo ya dukani, sisi tumelipandishia chuma. Kosa langu hilo, sikuuliza uzito. Nilitazama bei nikafunga macho.

— Sasa kuna mengine? nikauliza.

— Yapo. Mapana, mpira mgumu juu, chuma ndani. Shingoni yana beringi, kwa hiyo ukisukuma kidogo tu gurudumu linageuka lenyewe kufuata unakolisukuma. Na yana breki. Unakanyaga hivi, limesimama.

— Breki? Injinia akashangaa. Mashine ya kukoboa ina breki? Kesho mtaiwekea na honi!

— Tukiweza tutaweka, Kasmir akasema. Hapo ndipo nilipomwona anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kesho yake asubuhi waliisimamisha mashine kwa jeki juu ya mbao, nyuma kidogo ya mlango, kisha wakaanza na sakafu. Kasmir aliwafanya makuli wazibe ufa wa mlangoni kwa simenti, na uwanjani watandike mabati mazito, yale ya kutengenezea matangi, ili gurudumu lisikutane na udongo mtupu. Walilalamika.

— Tumekuwa mafundi ujenzi?

— Leo ndiyo, Kasmir akajibu. Pigeni ufagio pia. Sitaki hata kokoto.

Victor akafunga magurudumu mapya. Yalikuwa makubwa kama sahani ya ugali. Ya mbele mawili yenye shingo za kugeuka, ya nyuma mawili yasiyogeuka, maana, alivyotueleza, yakigeuka yote manne mashine inatambaa kama kaa na hakuna anayejua inakwenda wapi. Mchana, simenti ilipokauka vya kutosha kuvumilia bati juu yake, Kasmir akapanga watu. Wawili nyuma kusukuma. Wengine nyuma zaidi, wameshika kamba iliyofungwa kwenye fremu, kuizuia kwenye mteremko. Mbele hakuna mtu.

— Mimi nikae mbele niielekeze, kuli mmoja akasema.

— Mbele hakuna mtu! Kasmir akarudia. Hata mimi.

Mboje hakuweza kubaki benchini. Akaenda kushika kamba.

— Kama ng'ombe wangu hawatakiwi, akasema, basi nitakuwa ng'ombe mwenyewe.

Wakasukuma. Nilitegemea kusikia watu wakihema na kuimba kama mwaka jana. Sikusikia kitu. Makuli wawili waliweka viganja, mashine ikaondoka. Mmoja akatoa mkono akautazama, kama anauliza umefanya nini. Ikapita juu ya ufa wa jana bila hata kutikisika. Mlangoni Kasmir aliigusa ubavuni kidogo, magurudumu ya mbele yakageuka, ikapinda kona.

Halafu ikafika mteremkoni. Mashine ikaanza kushika kasi. Kamba ikakaza, na mmoja wa walioishika akateleza kwenye pumba, akaangukia magoti. Mboje akabaki amechimba visigino, mishipa imemtoka shingoni.

— Winchi! Inaondoka!

Mama Rozina alifunika mdomo. Kasmir alikuwa ubavuni, na ule mguu wake mbovu ndio uliokuwa karibu na mashine. Nilimwona anautazama mguu, kisha gurudumu. Akaunyanyua, ule ule uliopungua vidole, akakanyaga breki kwa kisigino. Gurudumu likalia kidogo, mashine ikavuta upande mmoja. Victor akakanyaga la upande wa pili. Ikasimama pale pale kwenye mteremko, nzito, imetulia.

Kasmir akawageukia wa kamba.

— Shikeni kamba vizuri, akasema. Tunaachia taratibu.

Ikaingia bandani kabla chai ya mama Rozina haijapoa. Wakaishusha kwa jeki, wakaifunga kwenye sakafu mpya. Kasmir alikaa juu ya gunia la pumba, akavua kiatu, akausugua mguu. Alikuwa analia, lakini kwa namna ya mtu anayefikiri ni jasho, na sisi tukamwachia afikiri hivyo.

Jioni kijiwe kilijaa. Hata mama Rozina alikuja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikampa kikombe.

— Nilisema tangu mwanzo, Injinia akaanza, magurudumu ndiyo dawa.

— Wewe ulisema sabuni!

— Sabuni ilikuwa mfano. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hiyo inahusiana na nini?

— Inahusiana na subira.

Mboje alikuwa anapuliza viganja vilivyochubuka kwa kamba.

— Nawaambia ukweli, akasema. Ningefunga maksai wangu kwenye mteremko ule, leo tungekuwa tunachoma nyama. Mkinunua mengine, niwekeeni mawili niyafunge kwenye zizi. Nataka zizi linalohama.

Tukacheka mpaka wapita njia wakageuka. Hapo ndipo alipofika binti wa dada yake Mboje, Minza. Ametoka kwao Bariadi juzi tu, hamjui mtu hapa. Alikuja na debe la mahindi kichwani, akalitua, akatusalimia wakubwa shikamoo mmoja mmoja. Alipomfikia Kasmir aliuona mguu bila kiatu. Mjomba wake akamsimulia yote, ya mwaka jana na ya leo, kwa mbwembwe, huku anaonyesha viganja vyake.

Minza alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Victor.

— Kaka, haya magurudumu yametoka mwaka huu?

— Hapana. Yapo siku zote, duka lile la vyuma pale mjini.

— Hata mwaka jana yalikuwepo?

— Yalikuwepo.

— Sasa ilikuwaje mguu wa huyu kaka ukayatangulia?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Injinia alifungua mdomo, nikajua anatafuta methali. Hakuipata. Mboje alivitazama viganja vyake. Victor akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Kasmir mwenyewe hakutusaidia. Alikuwa anamtazama mama Rozina, bila hasira, anasubiri tu kama sisi wote.

Nikainua birika ili nipate la kufanya. Lilikuwa tupu.

Ng'ambo, makuli walikuwa wameanza kutoa mashine ndogo ya kusaga, iliyokuwa imebaki kwenye jengo la zamani. Walikuwa wameifunga kamba na kupitisha mti katikati, wawili mbele wawili nyuma, wameinama kuweka mti mabegani.

Mama Rozina aliweka kikombe chini kikiwa bado na kahawa. Akavuka barabara karibu anakimbia.

— Shusheni! akapaza sauti. Huo mti utupeni huko! Hakuna anayenyanyua kitu. Victor! Njoo na kipimo chako.