Restuta, Dalali Aliyekubali Kuchomwa

Wakubwa shikamooni, poleni nyote, historia hii inasomwa na Zablon, shemeji wa marehemu na mtani wake, shule aliikimbia darasa la sita lakini kwa kusoma hapa Mkonze hana mpinzani, na marehemu alimchagua mwenyewe, akisema wengine watalia.

Restuta Chidawali alizaliwa tarehe 14 Machi 1982 huko Kibaigwa, akamaliza shule ya msingi mwaka 1996, akaingia sokoni kuwa dalali wa mahindi, gunia akilichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, punje zikimwagika kiganjani, na maswali yakifuata hadi mwenye mzigo atoke jasho.

Tarehe 9 Oktoba 2010 alifunga ndoa na Sostenes, kaka yake Zablon, wakahamia hapa.

Kuhusu watoto, wazee walishauri isomwe kwamba ameacha wawili, yaani wale wa Zablon, ili kuficha aibu, lakini marehemu alishamwambia Zablon mapema, “Wewe mdomo mkubwa, usinibandike watoto wa watu, sema nilitafuta.”

Basi alitafuta. Mwaka 2020 walianza matibabu ya kupandikiza mimba, na daktari akamruhusu kwenda pia kwa mama Hilda wa tiba ya sindano za Kichina, akimweleza wazi kwamba hakuna uhakika zinaleta mtoto, ila huenda zikampunguzia wasiwasi. Zablon alimsindikiza, akacheka, “Leo gunia linamchoma dalali!” Restuta, sindano nyembamba kama nywele zimesimama miguuni, hakumjali, akamgeukia Hilda, “Mama, tatizo liko tumboni, mbona unachoma mguu? Unatoa kitu au unatia?” Hilda akaeleza, akaulizwa tena, mwisho akakiri mengine hata yeye hayajui, na Restuta akafurahi kuliko aliyejibiwa.

Mara ya kwanza mimba haikushika, ya pili ilitoka tarehe 11 Agosti 2021, na sindano akaendelea nazo kwa sababu zilimpa usingizi. Sostenes aliambiwa aongeze mke, akajibu kwamba huyu mmoja maswali yake hayajaisha.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hapa Dodoma, akafariki tarehe 2 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mama Hilda, majirani wa Mkonze, na madalali wa Kibaigwa waliofika na lori zima.

Ameacha mume. Hakuacha mtoto, alimtafuta. Shemeji, pumzika kwa amani, uliloagiza tumelisema.