Kisu Alichokichagua Twaha

Chai maharage, gari dogo la abiria, ilitoka Kariakoo kwenda Mbagala saa nane mchana, abiria wachache kwenye mabenchi yake mawili yanayotazamana, upepo ukipita utakavyo. Twaha, aliyepunguzwa kazi kiwandani mwezi uliopita, alikifunua kisu chake kipya akakitazama kama barua ya mchumba. Kesho angeanza kufyeka shamba lake kwa kisu hicho, na jioni angekimenyea muhogo.

Mwanamke wa benchi la pili, aliyejitaja kuwa Auleria, alimpa shikamoo, akakiomba. Alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, kisha akachungulia penye mpini.

"Chuma kimeingia humu kidole kimoja tu, mzee wangu. Ukifyeka kichaka kitachomoka. Wahunzi wa Tandale wangekufulia cha springi ya gari kwa nusu ya bei."

"Cheusi kile, na kinashika kutu."

"Kutu inafutika. Mpini uking'oka porini utafanyaje?"

Twaha hakuudhika. Mawazo yalikuwa yamempeleka kwenye miaka ile ya maduka matupu, alipokuwa akipanga foleni tangu alfajiri na kushukuru kwa chochote alichopewa.

"Dada, hiki nimekichagua mwenyewe," alisema polepole. "Dukani vilikuwepo vya kila aina, nikasimama saa nzima nachagua. Raha yake unaijua?"

"Naijua," alijibu Auleria. "Ila kichaka hakiijui."

Gari likasimama Mbagala. Auleria akamrudishia kisu, akashuka. Twaha alibaki kwenye benchi, akautikisa mpini kidogo, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.