Sweta la Nesi Kadie

Kwenye kivuko cha kwenda uwanja wa ndege wa Lungi, jua likichoma, Mama Yeabu alikuwa amepakata sweta la sufu. Mwanamke aliyeketi jirani akashindwa kujizuia. "Mwenzangu, hilo la nini?"

"La nesi Kadie. Leo anapanda ndege, kapata kazi Uingereza. Mwanangu alivuta kush, hii dawa ya kulevya, mpaka akawa anasikia sauti. Hospitali ya vichaa ikasema aache kush kwanza. Nyumba ya mateja ikasema atibiwe kichwa kwanza. Kadie peke yake ndiye aliyetibu vyote."

"Na unamshukuru kwa kutukimbia? Mdogo wangu bado yuko kwenye foleni ya wagonjwa wake."

Mama Yeabu akalikunjua sweta magotini. "Amechoka, dada."

Mwanamke akalichukua sweta, akalipapasa. "Mikono haijalingana."

"Kalifuma mwanangu. Kabla ya Kadie, hata kushika kijiko kulikuwa kukimshinda."

Kivuko kikagusa gati. Mwanamke akalikunja sweta taratibu, akamrudishia. "Mwambie Kadie kwamba mdogo wangu, yule wa kwenye foleni, anaitwa Sorie."