Kila Gati Eilert Analigonga

Hapa gatini Florø kuna benchi limeegemea ukuta wa ghala la samaki, na mji mzima unaliita benchi la waongo. Hatukatai. Siku hizi tumebaki watatu: Dizeli, fundi mstaafu wa injini za kivuko, Barometa, aliyekuwa akilinda mnara wa taa, bingwa wa kutabiri mvua ikishatulowesha, na mimi, wananiita Karani. Wa nne wetu, Eilert, aliondoka juma lililopita na kimashua chake cha tanga chenye injini ndogo, peke yake, kwenda kwa bintiye Ålesund. Ni safari ya kwanza tangu mkewe Borghild afariki mwezi wa pili. Kila asubuhi anatupigia simu. Asubuhi ninayoisimulia alikuwa bandari ya Selje, kabla ya rasi ya Stad, ambako bahari haina adabu. Alisema ameparuza tena mashua gatini, mara ya tatu sasa, na huenda akageuza arudi nyumbani.

— Kalvåg kagonga, Måløy kagonga, Selje kagonga, — Dizeli akasema akimimina kahawa. — Hiyo ni gia. Gia ya kurudi nyuma haishiki.

— Umemuuliza? — nikasema.

— Mara tatu. Anasema inashika.

— Basi inashika.

— Karani, mwenye injini ndiye wa mwisho kuijua injini yake.

Barometa akakohoa. Akikohoa vile, jua methali inakuja.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hapa inahusu nini, mzee? — nikauliza.

— Mkondo wa maji. Mwaka huu unasukuma kuelekea nchi kavu.

— We naye! Methali hiyo ni ya mtu kurudi alikotoka.

— Kwani mkondo haurudi?

Dizeli akatikisa kichwa.

— Eilert ameingia Måløy miaka arobaini bila kukwangua hata rangi. Mkondo ulikuwa likizo?

— Basi ni miwani, — nikatupia yangu. — Kanunua mipya Aprili. Gati analiona kule, kumbe limeshamfika puani.

— Miwani ile ni ya kusomea! — Dizeli akasema.

— Ndiyo nasema. Anaivaa kusoma ramani, anasahau kuivua.

— Afadhali useme gati ndilo limesogea.

— Limesogea! — Barometa akadaka. — Nchi hii inainuka tangu barafu ya kale iyeyuke. Ikiinuka, magati yatabaki palepale?

— Yasogee ndani ya mwaka mmoja?

— Haba na haba hujaza kibaba.

Tulicheka hadi Dizeli akajimwagia kahawa. Kicheko kikamleta Oddny, mwanamke aliyefungua duka la mikate ng'ambo ya barabara wiki tatu zilizopita.

— Wazee wangu, mnamcheka nani?

Tukamweleza yote. Jumatatu chujio la mafuta liliziba. Jumanne pampu ya choo. Jumatano gesi ikamwishia, akala soseji baridi. Kila kitu tunakijua.

— Kweli mnajua mengi, — akasema. — Na yeye mwenyewe anaendeleaje?

— Tangi lake limejaa, — Dizeli akasema.

— Sijauliza tangi.

— Upepo unatulia kesho, — Barometa akasema.

— Wala upepo.

Nilitahayari, sisemi uongo, ingawa nimekaa kwenye benchi la waongo. Siku sita, simu sita, na hakuna aliyemuuliza. Hata siku ya mazishi tulisimama naye nje ya kanisa tukiongea habari za rangi ya mashua.

— Si mumpigie? — Oddny akasema.

Dizeli akapiga, akafungua spika, akaiweka simu katikati ya benchi.

— Eilert. Eeh... unaendeleaje?

— Injini iko sawa.

— Sikuuliza injini, ndugu yangu. Nakuuliza wewe.

Shakwa wakasikika wakilia huko Selje.

— Nikikaribia gati, — akasema mwishowe, — naita, “Borghild, ruka na kamba.” Halafu nangoja aruke. Mashua inakwenda, mimi nangoja, mpaka inagonga. Kila bandari, Dizeli. Watu wananitazama tu.

Barometa akakohoa. Tukangoja methali. Haikuja. Akainama karibu na simu.

— Ukiizunguka Stad kesho, Ålesund unafika lini?

— Keshokutwa mchana. Lakini sijui kama nitazunguka.

— Dizeli ana gari. Keshokutwa utatukuta gatini, sote watatu. Wewe rusha kamba, sisi tutadaka.

— Nyinyi? Na magoti hayo?

— Kamba haidakwi kwa magoti! — Dizeli akafoka, huku anafuta macho kwa kofia.

Eilert akacheka kidogo, au alikuwa analia, kwenye simu huwezi kujua.

— Haya, — akasema. — Nitaondoka na maji ya asubuhi.