Ufunguo wa Mtu Asiye na Nyumba

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu na tofali moja, na wenyewe wamelizoea: anayetaka kuinuka huaga kwanza, la sivyo waliobaki wanakwenda chini. Liko kati ya kibanda cha Redio, anayetengeneza simu za watu kisha akasambaza habari alizozikuta humo, na duka la Sindano, fundi cherehani ambaye nguo kwake humalizika siku yoyote isipokuwa ile aliyoahidi. Upande wa tofali hukaa Hakimu. Mahakamani hajawahi kuingia. Alikuwa mwamuzi wa mpira, na mpaka leo hajakubali kwamba mechi imekwisha. Mwenye kahawa ni Bi Birika. Kijiwe huanza birika likiwa limejaa na huvunjika likiwa tupu, basi, hawana saa nyingine. Asubuhi hiyo alikuja pia binti wa jirani wanayemwita Katuni, mwanafunzi wa filamu za kuchora, simu mkononi na uso umemshuka, akaketi nao benchini.

Filamu yake ya mwisho chuoni, dakika mbili tu, alikuwa amelitengenezea shirika la hisani linalosaidia watu wanaolala nje. Mwalimu hakuuma maneno: shirika likiikubali, amefaulu, likiikataa, anarudia mwaka. Na mama yake, Mungu amsamehe, alikwishawatangazia majirani wote kwamba binti amemaliza. Sasa shirika lilikuwa limetuma majibu kwa ujumbe wa sauti, naye alikuwa ameusikiliza mpaka maneno yakaacha kuwa na maana.

— Lete, alisema Redio, simu akiwa ameshaichukua.

Sauti ya mwanamke ikatoka: “Habari, binti. Filamu tumeitazama, tukaitazama tena. Pale mwisho, yule mtu anapofungua kiganja na ndani mna ufunguo, chumba kizima kilinyamaza. Mimi mwenyewe nimekosa la kusema. Halafu inakatika ghafla. Nipigie tafadhali, hili si jambo la kuandikiana.”

— Ufunguo gani tena? aliuliza Bi Birika, kahawa ikisubiri kwenye mdomo wa birika.

— Ndiyo balaa lenyewe, shangazi. Mtu wangu analala kwenye kibaraza cha duka. Asubuhi anaamka, anakunja boksi lake, anafungua kiganja, basi. Kiganja kitupu! Ndivyo nilivyotaka.

— Sasa ufunguo umeingiaje?

Katuni alishusha pumzi. Kuchora mkono ni kazi ya kumtoa mtu machozi, kila kidole kina ubishi wake. Kwa hiyo mchoraji akipata mkono mzuri hautupi, anaupachika kwa mtu mwingine kesho. Mkono huu ulitoka kwenye zoezi la zamani, tangazo la duka la makufuli. Aliuhamisha, akaupaka vumbi, akauchakaza kucha. Ufunguo akasahau kuufuta.

— Nilisahau tu, jamani.

— Msanii hasahau, aliamua Hakimu. Kadi ya njano.

— Wamekasirika hao, alisema Sindano. Fikiria mwenyewe. Mtu hana nyumba, ana ufunguo! Watu watasema kumbe ana kwake, anajilaza nje kwa raha zake. Nani atachangia hapo? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Mtu asiye na ukuta atautoa wapi huo ufa? aliuliza Redio.

— Mimi nasema methali tu, kazi ya kuipima ni yako.

— Basi sikilizeni mimi, alisema Redio. Hiyo si hasira, ni hofu. Chumba kizima kilinyamaza! Nani hunyamaza? Mwenye hatia. Kuna mtu pale ofisini amepoteza ufunguo wa stoo ya mablanketi, na huyu binti amewaumbua bila kujua. “Si jambo la kuandikiana.” Umesikia hapo? Hawataki ushahidi.

Katuni alikizungusha mkononi kikombe alichopewa na Bi Birika. Alikuwa amekuja kutafuta neno la kumpoza, na hawa walikuwa wanamwongezea kuni.

— Wote mmeotea, alisema Hakimu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Ufunguo unakula? aliuliza Redio.

— Nyamaza wewe. Yule wa kwenye filamu si fukara hata kidogo. Ndiye mwenye nyumba zote za mtaa! Amejivika matambara awachunguze wapangaji wake, nani anakunywa, nani anahama kimyakimya. Shirika limegundua, limeshtuka.

Sindano alishika kichwa.

— Ndiyo maana mwenye nyumba wangu haonekani siku hizi!

— Haonekani kwa sababu ukimwona unaingia chini ya cherehani, alisema Redio.

— Piga simu, mwanangu, alisema Bi Birika. Hawa wataongea mpaka birika likauke, na limeshakuwa jepesi.

Katuni alipiga. Redio alinyoosha kidole akabonyeza spika, maana siri ya mtu mmoja humuumiza roho.

— Afadhali umepiga, ilisema ile sauti. Sikiliza. Hatukuitazama peke yetu. Tuliwaita na wale wanaokuja kwetu kupata chakula na mablanketi, tukasema wao ndio wapime. Ufunguo ulipotokea, bibi mmoja akaingiza mkono kifuani, akatoa wake. Wa nyumba aliyotolewa zamani. Akauweka mezani. Mwingine akafungua fundo la shuka, naye ana wake. Wakawa wanaweka mmoja mmoja. Miaka yote tunawahudumia, binti, hatukuwahi kujua kwamba wanatembea na funguo zao. Wewe ulijuaje?

Benchi zima lilimtolea macho. Hakimu alimwashiria kwa nyusi: sema ulijua! Katuni alifungua mdomo kusema hivyo hivyo, akamkumbuka yule bibi na ufunguo wake wa kifuani.

— Sikujua, dada. Nilisahau kuufuta.

Mwanamke yule akacheka, kicheko cha mtu aliyelia kidogo kabla yake.

— Basi endelea kusahau. Ole wako uufute! Mwalimu wako nitampigia leo, filamu tumeikubali. Ila mwisho wake unakatika ghafla. Anafungua kiganja, halafu giza. Wale watu waliendelea kulitazama lile giza, wakisubiri. Tuongezee kitu, hata kidogo. Kitu gani, sisi hatujui.

Simu ilipokatika Katuni alifunika uso akalia, machozi mepesi ya mtu aliyetua mzigo. Bi Birika alimpapasa mgongo kwa mkono wenye harufu ya kahawa. Sindano na Redio walitaka kuruka.

— Hakuna kuinuka! alipiga kelele Hakimu, ameng'ang'ania tofali. Shangilieni mkiwa mmekaa!

Wakashangilia wamekaa. Kila mmoja sasa alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba ufunguo ule ni heri. Kisha wakaugeukia mwisho wa filamu, kwa fujo ileile. Sindano alitaka yule mtu avishwe suti. Redio alitaka ashuke kutoka kwenye ndege, ameshachaguliwa mbunge. Hakimu alitaka dakika za nyongeza.

Muda huo alikuwa amesimama hapo mchukuzi asiyejulikana na mtu. Alikuwa ameegemeza mlango mpya kwenye ukuta wa Sindano, wa mbao, bado unanuka randa, akawa anafuta jasho na kungoja kikombe. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, wakubwa. Huo ufunguo wake ni wa mlango gani?

Sindano alimtazama Redio. Redio alimtazama Hakimu. Hakimu alitafuta methali mfukoni, hakuipata. Katuni alikuwa na jibu, la duka la makufuli, na kabla ya simu lingetosha kabisa. Sasa aliona aibu kulitoa.

Bi Birika aliinamisha birika, matone ya mwisho yakaingia kwenye kikombe cha yule mchukuzi.

— Imekwisha, alisema. Kunywa, baba, hulipi. Tangu nimeanza kumimina hapa, hakuna aliyewahi kuwanyamazisha hawa wote kwa pamoja.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alinong'ona Hakimu, na hiyo ilikuwa methali yake ya kwanza kukaa mahali pake.

Mchukuzi alikunywa, akashukuru, akachuchumaa akaubeba mlango mgongoni. Pale pa kitasa palikuwa na tundu tu, kitasa hakijafungwa. Akaenda zake. Kutoka kwenye benchi mtu hakuonekana tena, ulionekana mlango wenye miguu miwili ukitembea barabarani, na watu wakiupisha.

Katuni aliutazama. Aliona giza la mwisho wa filamu yake, na humo kwa mbali mlango unakuja wenyewe kwa miguu, bila haraka, na tundu lake linalongoja.

— Kaka! Kaka wa mlango! Tembea polepole nikuchore!

Alishaanza kukimbia, kahawa ikimmwagikia vidoleni.

— Kikombe changu! alilia Bi Birika.

Na kwa kuwa binti aliinuka bila kuaga, benchi likawamwaga wote watatu chini.